Rangi ya Upande wa Nyuma

Fundi alikuwa ameshapaka rangi karibu kila kitu kinachokubali brashi. Kuta, mageti, mabango ya maduka, vitanda vya hospitali, majeneza, na siku moja, baada ya kubembelezwa mno, viatu vya bwana harusi aliyekosa vya kufanana na suti yake. Hakuwa mtu wa kubabaishwa na kazi. Ukimwambia unataka simba, atakuuliza simba amekaa au amesimama, basi, njoo keshokutwa uchukue simba wako. Lakini kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukitia machoni, hicho alikuwa hajawahi kukipaka. Sasa kilikuwa mbele yake, katikati ya ukumbi wa jumba la sayansi, kinamsubiri.

Kilikuwa ni tufe la waya, karatasi na gundi, kubwa kiasi kwamba watu wawili wangelikumbatia kwa taabu. Alikuwa ameshalipiga msasa na kulipaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, likawa jeupe pee. Lilishikwa na mkono mrefu wa chuma, na mkono wenyewe ulifungwa kwenye nguzo, na juu ya nguzo palikuwa na globu ya kioo yenye taa kali ndani yake. Globu ndiyo nyota. Tufe ndilo sayari. Ukiusukuma mkono, sayari inaizunguka nyota. Mpaka hapo fundi alielewa.

"Haya," alisema. "Rangi gani?"

Mkurugenzi wa jumba, mama mmoja mwenye miwani ya kufungwa kamba shingoni na ambaye hakuwahi kuanza sentensi bila kusema kimsingi, akamjibu kwamba kimsingi hilo ni swali la mtaalamu, na kimsingi mtaalamu yuko njiani.

Fundi akakunja uso. Alimjua mtaalamu. Mtaalamu alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na hawakuwa wamesemeshana tangu siku waliyomzika mama yao.

Hapo ndipo penye shughuli yote, kwa hiyo nieleze. Huyu mdogo wake walimwita Profesa tangu hajang'oka meno ya utoto. Katika nyumba yao, mtu akiwa na swali hakuhangaika kufikiri. Redio inakoroma? Mwulizeni Profesa. Mvua itanyesha? Mwulizeni Profesa. Yule jirani aliyehama atarudi? Profesa hakosi kujua. Na kweli, mtoto yule alikuwa na jibu kwa kila kitu, tena analitoa macho makavu, huku anatafuna. Asipojua, alijua hivyo hivyo. Watu wakacheka, wakalala usingizi, na jina likamganda. Alipokuja kusoma mambo ya nyota hadi akawa mtaalamu kweli, hakuna aliyeshangaa.

Kisha mama akaugua. Wakati huo fundi alikuwa mji mwingine, ananing'inia kwenye jukwaa, anaandika neno SARUJI kwenye ukuta wa ghala kwa herufi ndefu kumpita yeye. Profesa ndiye aliyekuwa na mama hospitalini. Fundi akampigia simu. "Profesa, niambie ukweli. Niache kazi nije?" Profesa akamjibu, "Maliza kazi yako, kaka. Atapona. Nakuhakikishia." Fundi akapanda tena jukwaani roho imetulia, akaanza herufi ya R. Hakufika kwenye J. Alipigiwa simu kwamba mama amefariki, na rangi ya buluu ilikuwa bado mbichi mikononi mwake alipopanda basi.

Siku ya mazishi, mbele ya shangazi na wajomba na majirani, alimwambia mdogo wake, "Usinijie tena. Ujuzi wako kaa nao mwenyewe." Profesa hakujibu hata neno. Miaka ikapita hivyo, wakikwepana kama watu wanaodaiana.

Kazi hii ilipokuja, fundi alitaka kuikataa. Mkewe ndiye aliyemsukuma. "Nenda," alimwambia, mikono kiunoni. "Fanya kazi, ukimaliza mwulize kwa nini alikuhakikishia kitu kama kile. Akikujibu, mna undugu. Asipokujibu, uzike huo undugu tuendelee na maisha, maana mimi nimechoka kulala na mtu anayesaga meno."

Fundi akaapa iwe hivyo. Kazi ikiisha, ama awe na jibu, ama asiwe na mdogo.

Profesa aliingia ukumbini amekumbatia kompyuta yake kifuani utadhani mtoto mgonjwa. Alikuwa amekonda. Nywele zimeanza kumhama utosini, na fundi, ambaye zake zote zilikuwepo, alifurahi kidogo, kisha akaona haya kwa kufurahi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Rangi gani?"

Hakuna habari za nyumbani, hakuna watoto hawajambo. Profesa akalisogelea tufe. "Labda kwanza nikueleze ni kitu gani. Ni sayari ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Kubwa kuliko dunia."

Fundi akaishusha brashi. "Si umesema ndogo?"

"Ndogo ukiilinganisha na zile kubwa. Huko nje kuna majitu. Hii ni nyepesi. Kwa wenzake ni kidagaa."

"Kidagaa kikubwa kuliko dunia."

"Ndiyo."

"Haya, endelea."

"Iko karibu mno na nyota yake. Karibu kupita kiasi. Inaizunguka kwa kasi hata mwaka wake unaisha kabla siku yetu moja haijaisha."

Fundi akajaribu kujipigia hesabu ya umri wake kwa miaka ya namna hiyo. Akafika mahali akajiona amezeeka kuliko milima, akaacha.

"Na kwa kuwa iko karibu hivyo," Profesa aliendelea, "nyota imeishika. Uso mmoja unaitazama nyota siku zote. Haugeuki. Upande huo ni mchana tu, na wa nyuma ni usiku tu."

"Sasa watu wa huko wanalala saa ngapi?"

"Hakuna watu, kaka."

"Nauliza tu."

"Uso wa mbele ni moto. Tunadhani mawe yanayeyuka. Upake chungwa, nyekundu, weka na mipasuko ya njano."

Hapo fundi alipata nafuu. Chungwa aliijua. Nyekundu aliijua. Alianza kufungua kopo moyo ukiwa mwepesi. "Na nyuma?"

"Nyuma hatujui."

"Hamjui nini?"

"Hatujui pakoje."

"Basi nipe picha nitaona mwenyewe."

"Hakuna picha."

Fundi akamtazama mdogo wake, akalitazama tufe, akamtazama tena. "Profesa. Hii sayari umeiona?"

"Hakuna aliyeiona."

"Loo! Sasa mlijuaje kama ipo?"

Profesa aliweka kompyuta chini, akawasha taa ya ile globu, akausukuma mkono wa chuma polepole mpaka tufe likapita kati ya taa na uso wa kaka yake. Mwanga ukampungua fundi usoni, kisha ukarudi. "Ni hivyo tu," alisema. "Nyota inafifia kidogo sana, inarudi. Inafifia, inarudi. Tena inayumba kidogo, kwa sababu sayari nayo inaivuta, na kwa kule kuyumba tunakisia uzito. Basi, hatuna kingine. Unakumbuka tulipokuwa tunacheza nje, giza limeanza kuingia, tunajua mama yuko sebuleni kwa sababu pazia linafifia akipita mbele ya taa? Hatumwoni. Lakini tunajua yupo."

Neno mama likatua katikati yao. Fundi akainama kutafuta kitambaa chake, akakitafuta chini ya ngazi na nyuma ya makopo, na kitambaa chenyewe alikuwa amekishika mkononi.

"Nitaanza na chungwa," alisema.

Nyumbani mkewe alimpokea na swali hata hajavua viatu. "Umemwuliza?"

"Kazi haijaisha."

"Na hiyo kazi yenyewe ni nini hasa?"

Fundi alijaribu kumweleza. Alitumia sufuria na limau. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa kawaida, halafu akasema, "Kwa hiyo unapaka kitu ambacho hakipo."

"Kipo."

"Kimeonwa na nani?"

"Na pazia," alijibu fundi, na mwenyewe akajishangaa.

Lakini kazi aliifanya, na aliifanya kwa moyo. Uso wa mbele wa lile tufe uliiva. Aliweka chungwa juu ya nyekundu, akaifuta kwa tambara lenye tina ya kuyeyushia rangi ili nyekundu ichungulie kwa chini, akachora mipasuko ya njano kwa brashi nyembamba ya kuandikia majina ya magari, mpaka mfagizi wa jumba akapita akasema anahisi joto. Fundi akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akaridhika. Kumbe alikuwa anajifurahisha tu.

Profesa alirudi na sura ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. "Kaka, tumeipima uzito upya. Ni nyepesi kuliko tulivyodhani. Ukubwa ni ule ule, uzito umepungua. Mwamba mtupu hauwezi kuwa mwepesi hivyo. Huenda imefunikwa na mvuke mzito, mawingu kila mahali."

"Maana yake?"

"Nyeupe. Na kijivu kijivu."

"Juu ya huu moto wangu?"

"Samahani sana."

Fundi alipiga moyo konde, akafunika moto wake kwa mawingu. Yalikuwa mawingu ya haja, yenye vivuli, na chungwa kidogo aliiacha ipenye chini yake kwa ukaidi. Hayajakauka vizuri, Profesa akarudi tena. Safari hii hata kukaa hakukaa. Kuna wenzao walioipima kwa darubini nyingine, wakapima joto lake, na joto linaonyesha haina hewa kabisa. Nyota imeipeperusha yote. Basi itakuwa mwamba mtupu, mweusi.

"Lakini si ulisema mwamba mtupu hauwezi kuwa mwepesi hivyo?"

"Nilisema."

"Na bado ni nyepesi?"

"Ndiyo. Hatuelewi."

"Na nyuma?"

"Nyuma bado hatujui, kaka."

Hapo damu ilimchemka. Akachukua kopo la nyeusi akaanza kuyazika mawingu, lakini kichwani mwake jambo lilikuwa limeshajipanga: huyu ananikomoa. Nilimwaibisha mbele ya ukoo, sasa ananilipa, kopo kwa kopo. Haiwezekani mtu aliyejua kila kitu tangu utoto leo asijue rangi ya mpira wake mwenyewe. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomvuruga. Profesa siku hizo alikuwa akikaa pembeni ya ukumbi na kompyuta yake, anapokea simu za wenzake, na fundi alikuwa juu ya ngazi anasikia yote. Kila simu, Profesa alisema sijui. Sijui, tupime tena. Hapo sijui. Hapana, hilo hakuna anayejua. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa, tena wakati mwingine kwa furaha. Katika nyumba waliyokulia, kumsikia Profesa akisema sijui kungekuwa sawa na kumsikia jogoo akibweka. Fundi alikaa pale juu, nyeusi inamdondokea kiatuni, hajui amsikilize yule wa zamani au huyu.

"Mwulize," mkewe alisema jioni.

"Kazi haijaisha."

"Kwa mtindo huo wa kila siku rangi mpya, haitaisha."

Lile neno lilimgusa fundi mahali ambapo hakupenda paguswe. Ni kweli haitaisha. Na ajabu ni kwamba kila Profesa alipoingia na habari ya kuharibu kazi, ndani ya hasira yake kulikuwa na kitu kingine kinachopumua. Kazi isipoisha, swali halina haja ya kuulizwa. Na swali lisipoulizwa, mdogo bado anaye. Mtu mzima na mvi zake, alikuwa anaogopa kumaliza kupaka mpira.

Siku moja kabla ya ufunguzi, fundi alifika asubuhi akakuta kelele ukumbini. Fundi umeme wa jumba, bwana mmoja mnene ambaye nyusi zake zilikuwa zimeshaungua na kuota tena, ndiyo maana wakamwita Shoti, alikuwa amesimama chini ya sayari akiwa na tabasamu la mtu anayesubiri kupongezwa. Alikuwa amefunga mota ya feni juu ya tufe. Na tufe lilikuwa linazunguka lenyewe, wiii, uso mweusi ukienda nyuma, mgongo mweupe ukija mbele ya taa.

"Nimeiongezea uhai!" Shoti alisema.

"Kimsingi imependeza," mkurugenzi alisema, na akapiga makofi mawili.

Profesa akaingia wakati huo huo. Alisimama pale mlangoni akiitazama ile sayari yake inayozunguka kama chapati inayogeuzwa, kompyuta ikamteleza nusura ianguke. "Nani kaifanya hivi? Zima! Zima hiyo!"

"Kwani kuna nini?" Shoti aliuliza.

"Hii haizunguki hivyo! Uso wake hauiachi nyota hata kidogo!"

"Sayari gani isiyozunguka? Hata dunia inazunguka, nilifundishwa shuleni."

"Inazunguka. Ila inavyojizungusha na inavyoizunguka nyota ni sawasawa, kwa hiyo uso ni ule ule."

Shoti akafikiri. "Kwa hiyo inazunguka."

"Ndiyo."

"Lakini haizunguki."

"Ndiyo."

"Basi si mota yangu iliyoharibika," Shoti alisema, "ni ninyi." Akapanda ngazi kuifungua mota yake, akinung'unika.

Tufe likatulia, uso mweusi ukitazama taa. Mkurugenzi aliurudisha mkono wa chuma mpaka sayari ikasimama kati ya nyota na mlango wa kuingilia, na hapo akagutuka. Mtu anayeingia mlangoni, sayari ikimpitia mbele, hauoni ule uso kabisa. Anaona mgongo tu, na mgongo wote ulikuwa praima tupu.

"Fundi, huku hujapaka!"

"Sijaambiwa rangi."

"Kimsingi wageni wanaingia kesho. Watasimama hapa hapa, watazame kitu ambacho hakijaisha? Paka rangi."

"Rangi gani?"

Wote watatu wakamgeukia Profesa. Hata Shoti juu ya ngazi aligeuka.

"Sijui," alisema Profesa.

"Basi kisia," alisema mkurugenzi.

"Siwezi. Nikikisia leo, kesho mtu atatoka hapa anasema ndivyo ilivyo."

Ndipo fundi alipolipuka. Hakuwa amepanga. Kopo lilikuwa mkononi na alilibamiza chini mpaka kifuniko kikaruka. "Hujui! Wewe! Tangu lini wewe hujui? Nyumba nzima ulitulisha majibu, hukosi hata moja, leo rangi tu ya karatasi imekushinda? Mbona kwa mama ulijua?"

Shoti, ambaye watu walidhani hana busara hata ya kufungia mfuko, alishuka ngazi taratibu, akamshika mkurugenzi kiwiko. "Mama, njoo kule nje nikuonyeshe ule waya niliokuambia." "Waya gani?" "Ule," alisema Shoti, akamtoa.

Profesa alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Alikaa vibaya, goti moja huku jingine kule, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo na amechapwa. "Kwa mama sikujua," alisema.

"Ulinihakikishia."

"Daktari aliniambia hajui. Nilimwuliza mara nyingi, kila mara hajui. Halafu wewe ukapiga. Mle wodini sauti ilikuwa inakatika, nikatoka hadi kwenye ngazi za nje. Ukasema, Profesa, niambie ukweli." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Kaka, mlikuwa mnaniuliza, ninajibu, mnalala. Maisha yangu yote ilikuwa hivyo. Hakuna siku niliyosema sijui mkanisikia. Ulipouliza nilitafuta neno jingine, sikulipata. Nikasema lile."

Hili ndilo jibu ambalo fundi alilisagia meno miaka yote. Alikuwa ameshajitayarisha kwa kila namna: likija hivi nitapiga kelele, likija vile nitaondoka na ngazi yangu. Sasa limekuja, na hasira aliyoiweka akiba akaitafuta haikuwepo. Badala yake likatoka swali jingine, ambalo hakujua kama analo.

"Mwishoni," alisema. "Mwishoni aliniulizia? Alinitaja?"

Profesa akafungua mdomo. Fundi aliijua sura ile vizuri kuliko yake mwenyewe, sura ya jibu linalokuja, jibu zuri, la kumlaza mtu usingizi. Aliliona likipanda. Halafu aliona mdomo ukijifunga.

"Sijui, kaka."

"Hujui vipi, na wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Sikuwa naye," alisema Profesa. "Nilikuwa kwenye ngazi, naongea na wewe. Niliporudi alikuwa ameshaondoka."

Fundi aliikumbuka simu ile. Haikuwa fupi. Baada ya kuhakikishiwa alifurahi mno, akaanza kumsimulia mdogo wake habari za ukuta, jinsi herufi zilivyompita urefu, jinsi jukwaa linavyolia kila upepo ukivuma, jinsi mlinzi wa ghala anavyomwuliza kila asubuhi kama ameshafika mwisho wa neno. Alicheka. Profesa naye alicheka. Walicheka muda, wawili hao, mmoja chini ya jukwaa na mmoja kwenye ngazi.

"Miaka yote hii ulijua hilo?"

"Hilo ndilo pekee nililokuwa nalijua."

"Nikakutukana mbele ya watu, ukakaa kimya?"

"Ningesemaje, kaka? Simu ilikuwa yako."

Fundi hakujua la kufanya na mikono yake. Hakujua amkasirikie nani, yeye au huyu, simu au ukuta, wala kama anataka kumpiga mdogo wake kofi au kumshika. Alimwonea huruma, akajionea huruma, akamtamani mama kwa namna ambayo hakuwa amemtamani hata siku ya mazishi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na rangi. Alizunguka nguzo mara moja, akarudi alipokuwa, akasimama mbele ya mgongo mweupe wa ile sayari na hakuona chochote cha kumsaidia.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni, Shoti nyuma yake akimwashiria kwa mikono miwili kwamba amejaribu. "Samahani," alisema mkurugenzi. "Kimsingi, mmefikia rangi gani?"

Profesa akainua kichwa. Kwa mazoea tu, akavuta pumzi ajibu.

"Hajui," fundi alisema kabla yake. "Na mimi sijui. Itabaki hivi."

"Watu watasema hujamaliza."

"Watakuwa wamesema kweli."

Mkurugenzi akawatazama wote wawili, akaona macho yao, akafunga mlango bila kusema kimsingi.

Fundi akachukua kitambaa. Vidole vya Shoti vilikuwa vimeacha grisi juu ya ile praima, pale alipofunga mota, na kazi ni kazi. Akaiburuta ngazi hadi chini ya tufe. Ngazi ile ilikuwa na mguu mmoja mbovu, na miaka yote aliipanda peke yake akijisawazisha kwa goti. Safari hii aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akasita. Kisha akamwita mdogo wake. Hakumwita Profesa. Alimwita kwa jina lake, lile ambalo nyumbani kwao mama peke yake ndiye aliyekuwa akilitumia, na likamtoka kwa shida, kwa sababu hakuwahi kulitamka.

"Njoo unishikie ngazi," alimwambia.